Kwa Nini Salamu Husubiri Maji ya Mgunga

Haya, sogeeni karibu, na mwenye kitu mdomoni akimeze kwanza, maana hii ni habari ya vinywa.

Zamani hizo nchi yetu hii ya chini ya milima ilikuwa na migunga kama sasa, mifereji kama sasa, na watu wenye vichwa vigumu kama sasa. Ila asubuhi zao hazikuwa kama zetu. Mtu aliamka, akafungua mlango, akasalimu na kusalimiwa, akaanza kusema ya jana na ya leo, yote hayo kwa kinywa kile kile alicholala nacho. Meno waliyasugua kwa majivu mpaka yakang'aa, kwa kuwa meno huonekana mtu akicheka. Fizi hazionekani, basi hakuna aliyezijali.

Na fizi zilioza. Zilivimba, zikawa laini, zikatoka damu kwa kuguswa tu, na mwisho jino zima, lisilo na tundu wala ufa, liling'oka lenyewe na kubaki ndani ya tonge la ugali. Mtu alilitoa, akaliangalia, akalitupa juu ya paa, akaendelea kula. "La kuvunda halina ubani," walisema, na wakishasema hivyo waliona wamemaliza kazi. Nawaambia, methali ikimwangukia mvivu huigeuza godoro.

Hilo la kuoza lingekuwa msiba wa kila mtu na mdomo wake, kama si sheria. Katika nchi ile mwenye shamba ndiye aliyekuwa na neno barazani, awe mwanamume au mwanamke. Lakini kila mwaka, siku ya sikukuu ya mavuno, wenye mashamba wote walisimama mbele ya mkuu wa nchi, na kila mmoja akapewa kipande cha muwa. Ilimpasa aumenye kwa meno, aung'ate, kisha aunyanyue watu wauone. Muwa ukiwa mweupe, alikaa mbele. Ukiwa na damu, alikwenda kukaa nyuma ya uzio wa baraza pamoja na wale walioitwa waliofungwa vinywa, na tangu hapo hakusema neno mbele ya watu mpaka kufa kwake. Shamba lake lilisemewa na ndugu mwenye meno. Walidai kwamba kinywa kinachooza huozesha na maneno. Nani alilisema hilo kwanza, hakuna aliyejua. Labda mtu mwenye meno mazuri na shamba dogo.

Sasa, palikuwa na mjane aliyeitwa Nakijwa, na kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi. Alichimba mashimo yake ya kulowekea ngozi upande wa chini wa mfereji, akaponda magome ya mgunga, akayatia majini mpaka maji yakawa mekundu ya kuiva. Watu walivaa ngozi zake, walilalia ngozi zake, walibebea watoto kwa ngozi zake, na walipopita kwake waliziba pua. Nakijwa aliwaona.

"Zibeni vizuri," aliwaambia. "Mkiachia kidogo mtanusa na ya kwenu."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Alikuwa na shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, na barazani alikaa mbele na kusema lililomkaa rohoni, liwe tamu au chungu.

Rafiki yake aliitwa Namkunda. Huyu zamani alikuwa msemaji kuliko wote. Akisimama yeye, hata waliokuja barazani kusinzia walikaa wima. Mwaka mmoja muwa wake ulitoka na damu. Kadeghe, shemeji yake, alisimama papo hapo kulisemea shamba lake, na kabla mvua za mwaka ule hazijaisha alikuwa ameshalima nusu yake na kupanda mihogo yake mwenyewe. Namkunda aliyaona yote hayo akiwa nyuma ya uzio, mkono juu ya mdomo. Huo mkono haukushuka tena. Hata akiwa nyumbani, hata akicheka na Nakijwa, aliufunika mdomo kama mwizi anayeficha mzigo.

Mkuu wa nchi wakati huo alikuwa Senkondo, mtu mpole wa sauti, mwenye kupenda migomba. Alitaka migomba yake ya juu ipanuliwe, na ili ipanuliwe alitaka mfereji ugeuzwe, maji yasishuke tena bondeni. Alilileta jambo hilo barazani kana kwamba ni dogo. Wa mbele waliinamisha vichwa. Wa bondeni, ambao mashamba yao yangekauka, wengi wao walikuwa nyuma ya uzio. Akasimama Nakijwa peke yake.

"Mkuu, mfereji huu ulichimbwa na babu zetu wa bondeni kwa mikono yao," alisema. "Wewe ulizaliwa ukaukuta. Maji hayageuki."

Senkondo hakukasirika. Asubuhi ile ile alikuwa amepita karibu na mashimo ya ngozi, akamwona Nakijwa akitafuna muhindi wa kuchoma, na akaona alichokitema.

"Tutalimaliza baada ya miwa, mama," alisema, akatabasamu.

Wote walielewa, na Nakijwa alielewa kuliko wote. Alirudi nyumbani, akaingiza kidole kinywani, akakitoa chekundu. Aliogopa. Nasema wazi kwamba aliogopa, kwa sababu kuna watu wakisimulia habari hizi humfanya mtu shujaa tangu tumboni mwa mamaye. Aliogopa uzio ule, aliogopa mkono ule wa Namkunda juu ya mdomo, na zaidi ya yote alijua kwamba siku muwa wake ukitoka na damu, bonde zima halitakuwa na mtu wa kusema hapana.

Mwanzo alifanya kama wenzake walivyofanya: alificha. Aliacha mahindi akanywa uji. Alitafuna upande mmoja. Alitema faraghani na kufukia kwa mguu. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na kila asubuhi fizi zilikuwa laini kuliko jana.

Kisha siku moja alikwenda kutoa ngozi ya mbuzi shimoni, akakuta amekosea. Aliitia ovyo kwa sababu ya mawazo, na pembe moja ya ngozi ilibaki nje ya maji. Alipoivuta, sehemu iliyozama ilikuwa imekaza, safi, haina harufu ila ya mgunga. Ile pembe iliyobaki nje ilikuwa imeoza, laini, inakatika kwa ukucha. Mbuzi mmoja, ngozi moja. Nakijwa aliikamata ile pembe iliyooza kwa vidole viwili, akaibonyeza, halafu kwa ulimi akagusa ufizi wake. Akabonyeza tena ngozi. Akagusa tena ufizi.

"Ngozi ni ngozi," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Ya mbuzi na yangu."

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo hakuna mtu angelifanya ila mtengeneza ngozi. Alichemsha magome mapya kwenye chungu safi, hilo alifanya vizuri, lakini akayakoleza kwa kipimo alichokizoea, kipimo cha ngozi ya ng'ombe dume. Akajaza kinywa. Ukakasi ulimshika mpaka masikioni. Mashavu yalijivuta ndani, ulimi ukakauka, midomo ikang'ang'aniana. Jirani akapita, akamsalimu, "Umeamkaje, mama?" Nakijwa akamtumbulia macho tu. Jirani akaenda zake akisema yule mwanamke sasa ameanza na kiburi. Mpaka jua lilipokuwa kichwani ndipo Nakijwa aliweza kusema, na neno lake la kwanza siwezi kulirudia hapa mbele ya watoto.

Lakini damu ilikuwa imepungua. Basi akapima upya. Gome kiasi cha kiganja, maji ya chungu kidogo, chumvi ya kuonja tu. Akachemsha, akachuja kwa kitambaa, akaacha yapoe. Akasukutua, akayazungusha huku na huku mpaka mashavu yachoke, akatema, hakumeza. Alifanya hivyo kila alipoamka kabla hajasema na mtu, na tena kabla ya kulala. Mwezi ulipoandama tena, alitafuna muhindi wa kuchoma, akatema, akatazama. Hapakuwa na wekundu. Alikaa chini pale pale akalia kwa furaha, kisha akala muhindi wote.

Alimpelekea Namkunda kibuyu. Namkunda alikisukuma.

"Mwenzangu, mimi nimekwisha fungwa," alisema nyuma ya mkono wake. "Hata nikipona, nitamwambia nani neno?"

"Utaniambia mimi," alisema Nakijwa. "Mimi si mtu?"

Namkunda akakichukua.

Lakini hakuna siri yenye harufu. Kadeghe aliinusa ile harufu ya mgunga mlangoni kwa shemeji yake, akaona kibuyu, akaenda mbio kwa Senkondo. Mkuu wa nchi alifikiri kidogo, halafu akatoa amri kwa ile sauti yake ya upole: maji ya mgunga ni maji ya kuoshea mizoga, na anayeyatia kinywani ni najisi. Asipigwe, asitozwe, asifukuzwe. Asisalimiwe tu.

Wasioishi kwetu wataona hiyo si adhabu. Ninyi mnajua. Katika nchi hii mtu asiyesalimiwa ni mfu anayetembea. Nakijwa alipita njiani na watu wakageuza nyuso. Watoto wa ndugu zake walivutwa mikono. Aliyekuwa ameazima jembe kwake alilirudisha kwa kuliacha kizingitini na kukimbia. Kwa siku za mwanzo ilimuuma sana, na usidhani hakufikiria kukivunja kile kibuyu jiweni na kuomba radhi.

Badala yake hasira ilimpanda, na hasira ya Nakijwa haikuwa ya kukaa ndani. Alitoka alfajiri na kibuyu chake, akaenda kusimama njia panda karibu na mfereji, mahali ambapo kila mtu wa juu na wa bondeni ilimlazimu apite kwenda kuteka maji. Akajaza kinywa. Alisukutua mbele yao, kwa kelele, huku akimtazama kila mmoja usoni, mpaka aliyetazamwa akashindwa pa kuweka macho yake. Kisha akatema kando ya njia, akafuta midomo, akasema:

"Mmekatazwa kunisalimu? Msijali. Mimi ndiye niliyekuwa sijawa tayari kusalimiwa. Sasa niko tayari. Mwenye salamu na aseme."

Hakuna aliyesema. Kesho yake alirudi. Na keshokutwa yake. Mtu wa kwanza kusimama karibu naye alikuwa Namkunda, na ili asukutue ilimbidi aushushe ule mkono, watu wakauona mdomo wake kwa mara ya kwanza tangu siku ya muwa. Kisha akaja mzee mmoja wa bondeni aliyekuwa amefungwa kinywa miaka mingi, akaomba tone. Akaja mke wake. Ikafika mahali watu wa juu walipokuja kuteka maji walikuta njia panda imejaa wanaume kwa wanawake, mashavu yamevimba kwa maji, wanawatazama kimya, na kimya kile kilikuwa na sauti kuliko baraza la Senkondo. Wakishatema ndipo waliposalimiana wao kwa wao, kwa vishindo, huku waliokatazwa kusalimu wakipita katikati yao na mitungi yao wameinama kana kwamba wao ndio waliotengwa.

Siku ya mavuno ikafika. Senkondo mwenyewe alimchagulia Nakijwa muwa: pingili ya shinani, nene, ganda lake gumu hata panga lingeuomba radhi. Nakijwa aliushika, akauma ganda, akalivuta. Liliraruka kwa urefu mpaka chini. Akauma tena, akavuta tena. Alipomaliza kuumenya aling'ata kipande kikubwa, akatafuna bila haraka, akameza utamu, akatema makapi kwenye kiganja chake, akanyanyua mikono yote miwili, muwa huku, makapi huku.

Vyote vilikuwa vyeupe.

"Mtazame vizuri!" alipiga kelele Kadeghe. "Mtazame na upande wa pili!"

Senkondo aliugeuza muwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Lakini sheria ilikuwa yake, na watu wote walikuwa wakitazama.

"Kaa mbele," alisema. "Sema neno lako."

Nakijwa alikuwa nalo neno tayari. Alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya ngozi zake, neno la mfereji, la babu waliochimba, la bonde. Lakini aliposimama pale na ule muwa mkononi, aliwatazama walio nyuma ya uzio. Aliona kwamba akisema sasa, ameshinda kwa sababu ya kipande cha muwa. Mwakani utaletwa muwa mwingine. Na kama si yeye, atakuwa mwingine atakayetoa damu, na mkono mwingine utapanda juu ya mdomo. Alikuwa amepigania fizi zake, na fizi zake ziliponywa, na bado uzio ulikuwa pale pale.

Hakukaa mbele. Alipita viti vyote, akauzunguka uzio, akasimama kando ya Namkunda.

"Mkuu," alisema, "umeuona muwa wangu, na sheria yako inasema neno langu ni zima na lazima lisikiwe. Sivyo?"

"Ndivyo," alisema Senkondo.

"Basi neno langu ni hili: Namkunda aseme."

Baraza zima likaguna. Senkondo alikuwa ameshasema ndivyo.

Namkunda akasimama. Meno aliyobaki nayo ungeyahesabu kwa mkono mmoja, na aliposema neno la kwanza upepo ulipita pale ambapo meno yalikuwa, neno likatoka na mluzi. Kadeghe alicheka kwa nguvu ili wengine wamfuate. Namkunda alimngoja amalize. Mikono yake ilikuwa imeshuka yote miwili.

"Cheka, shemeji," alisema. "Meno unayo. Nusu ya shamba langu uliila kwa hayo hayo, na wewe ndiye mwenye kinywa kisafi."

Sasa hakuna aliyecheka. Akamgeukia Senkondo.

"Mkuu, walioko nyuma ya uzio huu ndio wenye mfereji. Tulinyamaza kwa sababu tuliambiwa tumeoza. Tunaumwa, hatujaoza. Maji hayageuki. Ukitaka kuyageuza, njoo na jembe lako mwenyewe, utukute tumekaa ndani ya mfereji."

"Hatukubali!" ilisema sauti moja nyuma yake, sauti iliyokwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. Ni yule mzee wa bondeni. Halafu ya mkewe. Halafu hazikuhesabika tena, za mluzi, za kibogoyo, za kigugumizi, zote zikisema neno lile lile, na miili ikausukuma uzio mpaka ukalala chini. Senkondo aliamuru wakae. Hawakukaa. Aliwatazama wa mbele wamsaidie, na wa mbele wakatazama miguu yao. Wengi wao walikuwa na ulimi kwenye ufizi wakati ule, wanaonja ile ladha ya damu ambayo kila mmoja alidhani anaijua peke yake. Walikuwa wakihesabu miaka iliyobaki kabla ya wao kupelekwa nyuma. Mmoja akasimama, akaenda kujiunga na waliouangusha uzio. Wakamfuata wengine. Mwisho kwenye viti vya mbele alibaki Senkondo, na Kadeghe, na miwa.

Mfereji haukugeuzwa. Kadeghe alikwenda kung'oa mihogo yake mwenyewe, na Namkunda alikaa kizingitini kumtazama, wala hakumpa pole. Meno yake hayakurudi. Maji ya mgunga huzuia, hayaoteshi jino lililokwenda. Atakayekuambia yanaotesha, huyo ana kitu anataka kukuuzia. Lakini machache aliyokuwa nayo alizikwa nayo, na kabla ya kuzikwa alisema mengi.

Na tangu siku hiyo, baraza la nchi hii halina uzio. Kikao kikianza, kibuyu cha maji ya mgunga huzungushwa kwanza, na hupewa wa kwanza yule asiye na meno kabisa, kwa kuwa ndiye wa kwanza kusema. Tangu siku hiyo mgunga humenywa gome upande mmoja tu, ukaachwa upone kabla haujaguswa tena, na ndiyo maana migunga yote iliyo karibu na nyumba ina kovu ubavuni. Na tangu siku hiyo mtu wa kwetu akiamka hasalimu wala haitikii salamu kabla hajasukutua, hata aje nani.

Kwa hiyo ukipita bondeni asubuhi, ukamsalimu mwanamke mlangoni kwake akakutazama tu, mashavu yamejaa, usiseme amekudharau. Simama. Ngoja ateme. Atakujibu, na huenda jibu lenyewe lisikupendeze.